"Kaza ndipo ikate" na imani nyingine za karakana ya uwanja wa gofu

Mashine ya kukata nyasi za grini, yaani lile eneo la nyasi fupi lenye shimo la mpira, ikiacha majani yamesimama, mkono wa kwanza karibu kila karakana huenda kwenye skrubu za kurekebishia visu. Zinakazwa kidogo, chuma kinalia dhidi ya chuma, na kila mtu anaridhika kwamba sasa itakata. Itakata kweli, siku mbili tatu. Ndiyo sababu imani hii haifi.

"Kaza ndipo ikate"

Hizi mashine ambazo mtu hutembea nyuma yake ameshika mpini hufanya kazi kwa kanuni ya mkasi. Silinda yenye visu vilivyojipinda huzoa jani na kulibana kwenye kisu cha chini ambacho hakizunguki, na jani hukatika pale makali mawili yanapopishana. Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1830, baada ya kuona mashine za kiwandani zilizokuwa zikipunguza manyoya juu ya vitambaa vya sufu. Injini zimekuja baadaye, lakini ukataji wenyewe ni uleule.

Sasa, makali yakiwa mazima hayahitaji kubanana. Watengenezaji wengine wanataka visu vigusane kwa mbali sana, wengine wanataka viachane kwa nafasi ndogo isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kitabu cha mashine yako ndicho kinachoamua. Ukikaza kupita hapo, chuma kinapata moto, makali yanaviringika, mkanda na injini vinabeba mzigo usio wao, na wiki haiishi kabla hujarudi kukaza tena.

Kipimo cha kweli ni gazeti. Zima injini, chomoa waya wa plagi, vaa glavu nene. Chana ukanda mwembamba wa karatasi, uingize kati ya silinda na kisu cha chini, kisha zungusha silinda polepole kwa mkono. Jaribu kushoto, katikati na kulia, na upitie visu vyote, si kimoja tu. Karatasi ikikatwa safi kila mahali, acha skrubu zilivyo. Ikikatwa kushoto na kutafunwa kulia, huenda silinda imelika upande mmoja zaidi, yaani kipenyo cha upande huu si sawa na cha ule. Wengi hukaza upande mbovu ili kufidia. Karatasi itakatwa, ndiyo, lakini sasa visu na rola inayobeba mashine haviko sambamba, na asubuhi grini itaonyesha michirizi, upande mmoja wa kila mstari ukiwa chini kuliko mwingine. Ubovu huo dawa yake ni kunoa tu.

"Nimesaga kwa pesti, kwa hiyo nimenoa"

Kuzungusha silinda kinyumenyume huku ukipaka pesti yenye chenga za kusagia ni kazi nzuri. Inaondoa vibanzi vidogo vya chuma na kurudisha ukali uliopotea kidogo. Lakini haiwezi kunyoosha silinda iliyolika upande mmoja wala kufuta pengo lililoachwa na jiwe, na ukiirudia mno inapanua ule uso bapa ulio kwenye ncha ya kila kisu. Uso huo ukipanuka, injini inahema na jani linachanwa badala ya kukatwa. Piga magoti ukaangalie ncha za majani saa sita mchana: zilizochanwa zina nyuzinyuzi na rangi ya kijivu, hupoteza maji haraka, na huwafungulia mlango vimelea vya magonjwa.

Mashine halisi ya kunolea huirudisha silinda kuwa duara sawasawa kutoka mwisho hadi mwisho, kisha hupunguza chuma nyuma ya makali. Ni ghali, sibishi. Hata hivyo, klabu yenye mashine nne butu ambayo kamati yake inajadili kununua ya tano inapoteza fedha. Afadhali klabu jirani zichangie ya kunolea. Na kwa siku zinazofuata kumwaga mchanga kwenye grini, tenga mashine moja chakavu ya kazi hiyo, kwa sababu chenga za mchanga humaliza makali mapya kwa asubuhi moja.

"Visu vingi zaidi ndiyo bora"

Silinda za grini huwa na visu 8, 11 au 14, na wanunuzi wengi hukimbilia namba kubwa. Tufanye hesabu. Tuseme silinda inamaliza mzunguko mmoja kila mashine inaposogea milimita 48. Yenye visu 8 itakata kila baada ya milimita 6, ya 11 kila baada ya 4.4 hivi, na ya 14 kila baada ya 3.4. Kanuni ya mafundi ni kwamba umbali huo ukaribiane na urefu wa nyasi unaoutaka. Grini ya milimita 3.2 ikikatwa kwa visu 8 itaonyesha mawimbi madogo. Lakini ukipeleka visu 14 kwenye grini ya ukoka wa kawaida unaokatwa milimita 6, silinda haipati nafasi ya kuzoa majani vizuri, na unalipia visu na nguvu ya injini bila faida.

Kuongeza kasi ya injini hakubadilishi hesabu hiyo kwenye mashine nyingi za petroli za aina hii, maana rola la kuvuta na silinda vyote vinaendeshwa na injini moja kwa uwiano uliofungwa.

"Shusha kimo, mpira utakimbia"

Utakimbia, kwa muda. Kasi ya grini hupimwa kwa kifaa alichobuni Edward Stimpson mwaka 1935, na yeyote anayekitumia mara kwa mara anajua kwamba kupitisha rola, kumwaga mchanga kidogo kidogo na kutozidisha maji vinaongeza kasi bila kumkamua mmea. Aina za ukoka nazo zina mipaka yake. Tifdwarf, ukoka chotara uliotolewa Tifton, Georgia, mwaka 1965, unavumilia kimo cha chini ambacho ukoka wa kienyeji hauwezi kukivumilia. Na ukoka wa aina yoyote unapenda jua, kwa hiyo wakati wa masika, mawingu yakitanda siku nyingi, pandisha kimo kidogo, hata wachezaji wakinuna.

Tena, kimo ulichopima mezani si lazima kiwe kimo cha grini. Mashine ikizama kwenye nyasi laini hukata chini zaidi.

"Ya kukalia imepitwa" au "ya kutembea imepitwa"

Zote mbili ni porojo. Grini ya mita za mraba 500 ikikatwa kwa upana wa sentimita 53, ukitoa kupishana kwa mistari, ni mwendo wa takriban kilomita moja bila kuhesabu kugeuza. Mashimo 18 yanataka watu kadhaa. Mwenye watu wawili tu anunue ya kukalia, ila ajue kwamba mzunguko wa pembeni mwa grini utachosha nyasi palepale kila siku, na bomba la mafuta ya haidroliki likipasuka, mstari wa nyasi zilizoungua utakaa wiki kadhaa. Nyingi za kutembea nazo hazina haidroliki. Petroli lakini zinayo, kwa hiyo usijaze tangi ukiwa juu ya grini.

"Presha ya maji ndiyo usafi"

Maji ya presha yanasukuma uchafu ndani ya beringi. Tumia bomba la kawaida, kisha piga grisi ili maji yaliyoingia yatoke.

"Mtumba wa Ulaya ni sawa na mpya"

Rangi mpya haimaanishi kitu. Nenda na kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Silinda za inchi 5 zikiwa mpya zina kipenyo cha karibu milimita 128. Ikisoma karibu na 114, jumlisha bei ya silinda nyingine kabla hujatoa fedha. Shika ncha ya silinda uitikise kusikiliza beringi, tazama kama kisu cha chini bado kina mdomo wa kunolewa, pitisha rula ndefu juu ya rola. Halafu uulize spea zake zinapatikana wapi, na kama kwa hilo muuzaji anabadilisha mazungumzo, rudisha fedha mfukoni.