Je, wajua kwa nini mbegu za msandali hazikai ghalani?

Mbegu nyingi za miti ya nyika ni vumilivu. Unazianika, unazifunga vizuri, na mwakani zinaota. Za msandali, mti wa mafuta ya manukato, hazina subira hiyo: zikikauka kupita kiasi, kiini hufa. Ndiyo maana anayetaka kuuotesha mti huu hawezi kutegemea debe la akiba, bali hurudi porini kila msimu, kwenye vichaka vilivyobaki Samburu, Baringo na Pokot Magharibi nchini Kenya, au Iringa nchini Tanzania.

Na akifika huko, si kila msandali utakaomfaa. Msandali huu, kwa jina la kitaalamu Osyris lanceolata, kama mpapai, una mti dume na mti jike, na matunda huzaa jike peke yake, tena akiwa na dume wa jirani. Hapa ndipo magendo ya msandali yalipouma zaidi. Mafuta ya manukato yamejaa kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina, kwa hiyo mti haukatwi, unang'olewa, na usichipue tena. Wanunuzi nao hupendelea majike, wakiamini yana mafuta mengi. Kenya ilipiga marufuku uvunaji mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Hata mchumaji wa mbegu tu sharti awe na kibali. Ukikutwa na gunia kando ya msandali, jiandae kujieleza.

Matunda ni madogo, yenye kokwa moja, na hayaivi kwa pamoja. Tawi moja huwa na mabichi, ya manjano na mekundu. Huchumwa yale mekundu, kwa mkono, yakiwa bado mtini. Ukisubiri yaanguke, ndege watakutangulia, na yatakayobaki chini yatakuwa yameshaanza kukauka au kutobolewa na wadudu. Benki za mbegu hushauri usizidishe asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, na uchume kidogo kidogo kwenye miti mingi. Mimi naona hata hiyo asilimia 20 ni nyingi mahali ambapo majike yanahesabika kwa vidole.

Matunda hubebwa kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa, maana ndani ya nailoni iliyofungwa huvunda upesi. Nyumbani husuguliwa kwenye maji hadi nyama itoke, kokwa hupunga upepo kivulini, kisha huatikwa bila kukawia. Ganda lake ni gumu. Ukilipasua taratibu bila kuumiza kiini, mbegu huota vizuri zaidi.

Kuota pekee hakutoshi. Msandali una majani ya kijani na hujitengenezea chakula, lakini mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mimea mingine na kunyonya maji na madini. Mche ulioachwa peke yake kwenye kiriba, yaani kifuko cha kuoteshea, hudumaa. Miongoni mwa mimea inayoubeba vizuri ni Rhus natalensis na Dodonaea viscosa, vichaka vya kawaida katika nyika hizo hizo. Kwa hiyo mchumaji mzoefu hatazami msandali tu. Huangalia pia kilichoota kando yake, na mbegu za jirani huyo akazichuma vilevile, ili miche ya aina zote mbili ikue ndani ya kiriba kimoja.