Skrini nyeusi haimaanishi mashine imekufa

Hapa Goma, mtu akiunganisha PlayStation ya zamani na kikuza picha (kifaa kinachowekwa kati ya mashine na televisheni ya kisasa ili kukuza picha yake), skrini ikabaki nyeusi, hukumu hutoka papo hapo: "Imekufa hiyo." Wengine huipeleka sokoni Birere ikauzwe kama vipuri. Inaniuma, maana mara nyingi mashine ni nzima kabisa.

Sikiliza kwanza. Muziki wa kuwaka ukisikika, mashine inafanya kazi. Tatizo liko kati yake na televisheni. Michezo mingi ya miaka ya 1990 hutoa picha ya mistari 240, mara 60 kwa sekunde, na mashine za Ulaya mara 50. Kikuza picha huizidisha hiyo mistari. Ukikiweka kwenye mara 5, baadhi ya televisheni hukataa kuonyesha chochote. Shusha hadi mara 2, subiri kidogo, utazame.

Picha ikipotea sekunde chache tu ukifungua menyu ya mchezo, usihangaike: mchezo umebadilisha aina ya ishara, televisheni inajipanga upya.

PlayStation 2 ina mtego wake. Ukitumia nyaya za kijani, bluu na nyekundu huku mpangilio wa picha kwenye menyu ya mashine umebaki RGB (aina nyingine ya ishara ya rangi), rangi huvurugika vibaya. Rudi kwenye waya wa njano, kwenye mpangilio huo chagua Y Cb/Pb Cr/Pr, yaani ishara ya nyaya hizo tatu, ndipo urudishe zile tatu.

Kinachoua kweli ni umeme: mashine ya Japani ya volti 100 usiichomeke kwenye 220 yetu bila transfoma.