"Mwache alale pombe imtoke": hapana, usimwache

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena kwenye makabidhiano ya zamu nitavua glavu niende zangu: "Huyo ni mlevi tu, mwache alale pombe imtoke." Madaktari wanaisema, wauguzi wenzangu wanaisema, ndugu waliomleta wanaisema. Wote kwa upole kabisa, kana kwamba wanamwonea huruma.

Aliyezidisha usiku mmoja, sawa: mlaze ubavu, linda njia ya hewa, pima sukari, mwangalie mara kwa mara. Lakini kwa anayekunywa kila siku kwa miaka, hatari inaanza pale pombe inapomtoka. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayoutuliza ubongo, na huibana glutameti, kemikali inayouamsha. Ubongo nao haukubali kulazwa kila siku. Unajipanga upya ili ufanye kazi hivyo hivyo, pombe ikiwamo. Ni kama mtu anayesukuma kwa nguvu mlango ulioshikiliwa upande wa pili: ukiachiwa ghafla, anaingia kwa kichwa.

Ndani ya saa chache tangu glasi ya mwisho, arosto, yaani dalili za mwili kukosa pombe uliyoizoea, inabisha hodi: mikono inatetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi. Degedege mara nyingi huja kati ya saa ya 6 na ya 48. Deliriamu tremensi, arosto kali ya kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, ile inayoua, kwa kawaida huja kati ya saa ya 48 na ya 96. Na msidanganywe na harufu. Aliyezoea kiwango kikubwa anaweza kuanza arosto huku pombe ingali kwenye damu, kwa sababu tu imeshuka chini ya alipozoea.

Ndiyo maana wagonjwa wanaonitisha zaidi siwakuti kwa wenye matatizo ya pombe. Nawakuta wodi ya upasuaji. Mtu kaingia na mguu uliovunjika, mcheshi, anatania kila mtu. Siku ya tatu anang'oa dripu, anafukuza panya ambao hakuna mwingine anayewaona, na faili halina hata mstari mmoja kuhusu unywaji wake. Hakuna aliyemuuliza. Ulizeni wote, hata wazee wenye heshima zao, tena msiulize "unakunywa?" maana jibu ni "kidogo tu, sista". Ulizeni: "Mara ya mwisho ulikunywa lini, saa ngapi? Umewahi kupata degedege ulipoacha?" Jibu la swali la pili lina uzito kuliko idadi yoyote ya chupa atakayokutajia, kwani kila arosto kali huelekea kuifanya inayofuata iwe mbaya zaidi.

Sasa fomu ya CIWA-Ar, ya kupimia ukali wa arosto, ambayo watu huijaza kama daftari la mahudhurio. Vipengele 10, alama za juu kabisa 67. Kutetemeka hakupimwi ukiwa umesimama mlangoni. Mwambie anyooshe mikono, atanue vidole, kisha gusisha ncha za vidole vyako na zake. Kuna mtetemo ambao jicho halioni lakini kidole kinausikia, nao una alama yake kwenye fomu. Kuhusu ngozi, muulize kama anahisi kuwashwa, kuchomwa au wadudu wanaomtambaa, halafu mtazame anavyojikuna wakati anakujibu kwamba hapana.

Fomu yenyewe ina mapungufu, na afadhali tuyaseme. Inamtegemea mgonjwa anayeweza kuongea. Haihesabu mapigo ya moyo wala presha. Wauguzi wawili wanaweza kumpima mtu yule yule na kupata alama tofauti, hasa kwenye wasiwasi na fadhaa. Tena inahesabu ukali tu, haithibitishi kwamba ni arosto. Mwenye homa ya mapafu naye hutoka jasho na kuchanganyikiwa. Sukari iliyoshuka, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, ini lililochoka: vyote vinaweza kupata alama za juu tu kwenye fomu yetu.

Dawa ni benzodiazepini, jamii ya dawa zinazoutuliza ubongo. Diazepamu kwa wengi. Lorazepamu kwa mzee au mwenye ini bovu. Kutoa dozi kwa kufuata dalili hupunguza jumla ya dawa na siku za matibabu ukilinganisha na ratiba ya saa zilizopangwa, ilimradi kuna muuguzi wa kupima kweli. Wodi yenye muuguzi mmoja usiku kucha? Hapo nachagua ratiba bila aibu. Fenitoini, dawa ya kifafa, haizuii degedege la arosto. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ikitolewa peke yake hurahisisha degedege kuja. Na anayeniambia "utamzoesha vidonge": ni siku chache, kwa dozi inayopunguzwa, kwa mtu ambaye bila hiyo anaweza kufa.

Thiamini (vitamini B1): kwa sindano, si kidonge, kwa sababu utumbo wa mnywaji huinyonya vibaya. Kiasi hasa? Miongozo haikubaliani, na utafiti ulio nyuma yake ni mwembamba kuliko sauti za wanaoutetea. Mimi huegemea upande wa kutoa nyingi, kwa kuwa kuikosa kunaweza kuacha kumbukumbu imeharibika moja kwa moja. Msisubiri macho, mwendo na akili viharibike vyote kwa pamoja ndipo mfikirie Wernicke, ugonjwa wa ubongo unaoletwa na upungufu wa thiamini; wagonjwa wengi hawaonyeshi yote matatu. Na lile la "thiamini kabla ya glukosi" limegeuzwa amri ya mbinguni. Sukari ikiwa chini, toa glukosi sasa hivi, thiamini ifuate papo hapo.

Halafu mtu anaandika kwenye faili: "Amelala, ametulia." Umemwamsha? Umehesabu pumzi? Aliyepewa diazepamu akatulia, aliyezidiwa na dawa, na anayevuja damu kichwani wanalala vilevile ukiwatazama kutoka mezani kwako.

Baada ya hapo, kumsaidia asirudie pombe, kuna naltreksoni (si kwa anayetumia dawa za jamii ya mofini) na akamprosati (angalia figo), pamoja na ushauri nasaha. Hizo zitapata andiko lake.

Ninyi ndugu mnaomfungia chumbani ili "akate pombe" kwa nguvu: kama huwa anaamka akitetemeka mpaka anywe, au aliwahi kuanguka degedege, msimkatishe ghafla nyumbani. Mleteni kabla hajaacha, mpango wa kupunguza upangwe na mhudumu wa afya. Na akianza kuona visivyokuwapo au kupata degedege, mleteni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama ametukana familia nzima.