Dawa za kuzibua sinki: tunayoambiana mtaani na ukweli wake

Sinki ikiziba kila mtu anageuka fundi bomba, huyu anakwambia mwaga kostiki soda (ule unga mkali wa kutengenezea sabuni), yule anasema maji ya betri ndo kiboko yake, mwingine anakuja na jiki mkononi, na wote wanaongea kwa kujiamini kweli kweli. Humo ndani kuna ushauri mzuri na kuna ushauri wa kukutoa macho, na ule mbaya zaidi ndo naanza nao.

"Ukichanganya dawa mbili inakuwa kali zaidi"

Inakuwa kali kwako wewe, sio kwa bomba. Jiki ikikutana na asidi, iwe maji ya betri, iwe ile dawa ya asidi ya kusugulia choo, hata siki ya jikoni, inatoa gesi ya klorini. Hiyo ni gesi ileile Wajerumani waliyowafungulia wanajeshi wa upande wa pili kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na wewe unaitengeneza kwenye bafu lenye kidirisha cha ukubwa wa daftari. Macho yanawaka, kikohozi hakikatiki, kifua kinabana. Jiki ukiimwaga kwenye choo chenye mkojo uliolala nayo inatoa gesi yake nyingine mbaya, sababu ya amonia iliyomo kwenye mkojo. Kostiki na asidi zikikutana zenyewe kwa zenyewe zinachemka ghafla na kuruka juu, na aliyeinama kuangalia ni nani? Wewe.

Sasa utasema mimi sichanganyagi. Sikiliza, wengi wanaoumia hawakukaa chini wakachanganya kwenye ndoo, ni kwamba jana walimwaga unga wa kostiki haukufanya kitu, leo wamenunua dawa nyingine wakaimwaga juu yake, wakasahau ile ya jana bado imesimama palepale kwenye bomba kwa sababu si bomba limeziba, ingeenda wapi? Chupa ya pili ndo inayoumiza. Na kwenye nyumba za kupanga ambazo vyumba vinatumia bomba moja la maji machafu uliza kwanza, unaweza kukuta jirani kamwaga jiki upande wake asubuhi na wewe unakuja na asidi jioni.

Ukisikia harufu inayokaba toka nje, acha mlango wazi, usirudi ndani kusuuza hata kama roho inakuuma kwa ajili ya vigae vyako. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii gesi. Kifua kikiendelea kubana nenda hospitali, usisubiri kesho.

"Dawa inayeyusha kila kitu"

Kostiki inaweza mafuta na nywele, basi. Mafuta inayageuza sabuni (ukiweka kidogo kwenye mafuta mengi unaweza ukabaki na sabuni ngumu imeganda humo ndani, wanaotengeneza sabuni za mche wananielewa). Mchanga haiuwezi. Na sisi tunasugulia masufuria kwa mchanga na majivu halafu tunasuuzia kwenye sinki, kwa hiyo ule mzigo uliolala chini ungemwagia kostiki kopo zima hautikisiki. Plastiki, mfupa, tambara, pedi, kijiko cha mtoto, vyote hivyo vinatolewa kwa mkono au kwa waya. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, weka ndoo chini ya sinki ufungue ule mkunjo wa bomba, mara nyingi uchafu wote uko hapo hapo umekusubiri. Au tumia ule mpira wa kuzibulia wenye mpini, huku sinki ina maji kidogo ili mpira ushike vizuri.

Na kama sinki, bafu na choo vyote vimegoma siku moja, tatizo haliko kwenye sinki. Fungua chemba uangalie, inawezekana shimo limejaa, hapo unatafuta gari la maji taka.

"Jaza unga mwingi kisha maji ya moto juu"

Hii ndo inayounguza watu usoni. Kostiki ikigusa maji inatengeneza joto lake yenyewe, haina haja ya birika lako. Ukirundika unga mkavu kwenye tundu inaweza kuganda ikawa jiwe, halafu ukimwagia maji yanayochemka inatema kurudi juu. Bomba zenyewe nyingi siku hizi ni za plastiki ya PVC, na PVC ikishapita nyuzi joto 60 hivi inaanza kulegea, maungio yanapinda, baadaye unalalamika ukuta una unyevu hujui umetoka wapi. Soma kopo linasema kiasi gani na usiongeze cha kwako. Kama wanasema uikoroge kwanza, tangulia maji ya baridi kwenye ndoo ya plastiki halafu unga kidogo kidogo, usije ukamimina maji juu ya unga. Na sio kwenye sufuria ya aluminiamu! Kostiki inaila aluminiamu na inatoa haidrojeni, gesi inayowaka moto, na jiko la mkaa liko pembeni hapo.

Maji ya betri nayo naomba tuyaache kwenye betri. Ni asidi ya salfa, inakula chuma na inakula saruji, yaani unazibua leo na kuitoboa chemba yako polepole.

Ukishamwaga dawa na bado maji hayaendi, usiweke tena ule mpira wa kuzibulia ukaanza kusukuma, utajirushia kostiki mwenyewe. Ukimwita fundi mwambie umemwaga nini, usione aibu. Maana yeye anakuja kufungua bomba kwa mikono mitupu, na hicho ulichomwaga kinamshukia.

"Siki na bekingi soda vinazibua"

Mapovu mengi, kazi ndogo. Vinamalizana vyenyewe, unabaki na maji ya chumvichumvi. Havina madhara kwa bomba, ila usimalizie na jiki, nimeshasema sababu juu.

"Ikikurukia paka siki au mafuta"

Maji. Kama ni unga mkavu ukung'ute kwanza, vua nguo iliyolowa, kisha maji yanayotiririka dakika 20 bila kukatisha. Jicho hivyohivyo, ulishikilie wazi huku mtu anakumiminia, ndipo mkimbie hospitali. Watu wanaogopa asidi zaidi kwa sababu inauma papo hapo, lakini kostiki inazama ndani zaidi, na ukisikia ngozi inateleza usifikiri ni sabuni imebaki, huo utelezi ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni. Endelea kusuuza. Glavu za mpira na miwani uvae kabla, sio baada.

Akimeza mtoto, usimtapishe, maana ikipanda inaunguza koo mara ya pili. Msuuze mdomo, nenda naye hospitali, na kopo lenyewe ulibebe daktari aone.

Watoto wengi wanaomeza hawakufungua kopo la dawa. Walikunywa kwenye chupa ya maji au ya soda, kwa sababu mtu alinunua kostiki ya kupimiwa akaimwaga humo akaiweka chini ya sinki. Kovu la kostiki kwenye umio linaubana mpaka uji unapita kwa shida, na mtoto anaweza kurudishwa hospitali mara nyingi kupanuliwa njia ya chakula. Kwa hiyo nunua kopo lililofungwa kiwandani, lenye maandishi, kiasi cha kazi ya leo tu, na ikibaki irudishie mfuniko uikaze na uiweke juu, ndani ya kabati lenye kufuli.