Ugonjwa sugu wa ini, homoni na mifupa: yale ambayo wagonjwa hawatuambii

Wanaume wenye ugonjwa sugu wa ini wana vazi lao la kliniki: shati pana, na wengine huongeza koti juu yake hata kwenye joto la Februari la Dar es Salaam. Ukiwauliza kuhusu tumbo na miguu kuvimba, wanajibu vizuri. Ukiwaomba wavue shati ndipo unapoona wanachoficha: matiti yamekua. Wengine wamekaa na hali hiyo miezi mingi wakidhani wamerogwa, au kwamba haihusiani kabisa na homa ya ini aina B, pombe au mafuta kwenye ini yaliyowaleta kwetu.

Mwili wa mwanaume nao hutengeneza estrojeni, ile tuliyozoea kuiita homoni ya kike, na ini ndilo huivunja ili itoke mwilini. Ini likijaa makovu na kusinyaa, estrojeni huzidi. Wakati huohuo protini inayoshika testosteroni kwenye damu huongezeka, kwa hiyo testosteroni inayobaki huru kufanya kazi huwa kidogo. Hamu ya tendo hupungua, korodani husinyaa, nywele za kwapani na kifuani hupukutika. Pombe, kwa upande wake, huharibu korodani moja kwa moja, hata kwa mtu ambaye ini lake bado zima. Kwa wanawake hedhi huvurugika au hukatika kabla ya umri wake, na mimba hushika kwa shida.

Dawa zetu nazo zina mchango. Spironolaktoni, kidonge cha kupunguza maji tumboni, hukuza matiti ya baadhi ya wanaume, tena kwa maumivu. Ukitueleza, tunaweza kukubadilishia; ukiiacha kimyakimya, maji hurudi. Zile dawa za nguvu za kiume za mitaani, zenye chupa zisizo na lebo, usiziguse: ini hilohilo linaloumwa ndilo litakalobebeshwa kazi ya kuzichuja. Ila uvimbe mgumu wa titi moja ni jambo jingine. Uonwe haraka, kwani wanaume nao hupata saratani ya matiti.

Sukari pia huyumba. Ini ni ghala la sukari ya akiba, na ghala likibomoka mtu anaweza kupata kisukari, kisha sukari hiyohiyo ikashuka usiku akiwa na njaa. Ndiyo maana tunasisitiza kula kidogo kabla ya kulala: uji, ndizi au kiazi kitamu. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze kwanza na daktari wake.

Mifupa ndiyo inayosahaulika zaidi, hata na sisi madaktari. Vitamini D, iwe ya jua au ya chakula, hubadilishwa kwanza kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo iweze kusaidia mwili kufyonza kalsiamu. Nyongo isipofika vizuri kwenye utumbo, vitamini D na K hufyonzwa kidogo. Dawa za jamii ya kotizoni, wanazopewa wenye ini linaloshambuliwa na kinga yao wenyewe, hupunguza uimara wa mfupa, na aina mojawapo ya tenofoviri, dawa ya homa ya ini aina B, nayo hufanya hivyo kwa kiasi. Ongeza misuli iliyokonda na kizunguzungu, na kuteleza bafuni tu kunatosha kuvunja nyonga.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Ndugu wengi humnyima mgonjwa mayai, maharage na samaki kwa kuwa waliwahi kuambiwa protini inaumiza ini. Ushauri huo umepitwa na wakati. Wagonjwa wengi wenye ini lililosinyaa wanahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao humpa kalsiamu humohumo, ila wasijae chumvi, hasa kama tumbo lina maji.

Kipimo cha uimara wa mifupa hakipo katika hospitali nyingi, lakini futi ya kupimia urefu ipo karibu kila kliniki. Mwombe muuguzi akupime urefu na siyo uzito tu. Ukikuta umepungua sentimita 4 tangu ujana wako, au mgongo umeanza kupinda, inawezekana pingili zimeshavunjika bila wewe kuanguka, na picha ya eksirei ya mgongo itaonyesha.