Je, wajua kwa nini samaki aitwaye mputa hakuwahi kupanda mwenyewe hadi Ziwa Victoria?

Leo ukienda mwaloni Butiaba kwenye Ziwa Albert, kisha ukaenda Ggaba kwenye Ziwa Victoria, utamkuta mputa kote kuwili. Ni yule yule ambaye Watanzania humwita sangara. Lakini kabla ya miaka ya 1950 Ggaba hapakuwa na mputa, ilhali Albert alikuwepo tangu enzi na enzi. Kwani mto si mmoja? Ni mmoja. Nile hutoka Victoria pale Jinja, hupita Ziwa Kyoga, hugeukia magharibi Karuma na kuingia Albert. Maji hushuka bila shida. Anayekwama ni samaki anayetaka kupanda.

Hukwama kwenye maporomoko ya Murchison. Hapo mto mzima hubanwa kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha huporomoka takriban mita 43. Ukisimama juu, ngurumo huisikia mpaka kifuani na manyunyu hukulowesha nguo. Chini, povu linapoanza kutulia, ndipo mputa wakubwa hujikusanya, na wavuvi wa ndoano hawafuati kingine huko. Mputa anaweza kufikia karibu mita 2 kwa urefu na kilo 200 kwa uzito, lakini ukuta ule haumjui mwenye nguvu. Na hata angeupanda, mbele yake yanamngoja maji ya kasi na mawe hadi Karuma.

Si kwamba samaki wa mto huu hawajaribu. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Jinja tarehe 28 Julai 1862, aliona maelfu ya samaki wakirukaruka kwa nguvu zote kwenye maporomoko ya Ripon, ambayo yalikuwa mafupi sana ukilinganisha na Murchison. Maporomoko hayo yalimezwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954.

Kwa hiyo Uganda ilikuwa na jamii mbili za samaki katika mto mmoja. Chini ya Murchison aliishi mputa, pamoja na ngasa ambaye meno yake hujitokeza nje hata akifunga mdomo, angara anayetiwa chumvi na kuuzwa hadi Kongo, na muziri na ragoge, wadogo kama dagaa. Juu walikuwa ngege na mbiru, wote jamii ya sato, ningu anayepanda mitoni mvua zikianza, na mukene. Wa ajabu zaidi ni furu, ambao Waganda huwaita nkejje: Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500, wengine wala mwani, wengine wavunja konokono, wengine wala magamba ya wenzao. Tope lililochimbuliwa kwenye sakafu ya ziwa linaonyesha kwamba miaka 15,000 hivi iliyopita ziwa lenyewe lilikauka. Utitiri huo wote ukatokea, kwa mahesabu ya ardhi, kama juzi.

Wapo lakini ambao hawakujali maporomoko. Kamongo, ambaye ukoo wa Mamba wa Buganda (ndilo jina lake kwa Kiganda, si yule mamba wa meno) hawamli, yuko Victoria, Kyoga, George na Albert. Ana mapafu, hupanda juu kuvuta hewa. Kambare naye huvuta hewa. Sasa tazama mto Katonga: upande mmoja hutiririka kwenda Victoria, upande mwingine kwenda Ziwa George, na katikati ni kinamasi cha mafunjo ambamo maji yana oksijeni kidogo mno. Kamongo na kambare huishi humo raha mustarehe. Mputa huhitaji maji yenye oksijeni nyingi, kwa hiyo kwake kinamasi ni ukuta kama Murchison, tofauti ni kwamba hiki hakina kelele.

Ziwa Edward na Ziwa George nayo hayana mputa, ijapokuwa mto Semliki hutoka Edward na kuishia Albert. Maji ya kasi njiani yanatosha kumzuia. Ila mifupa yake ilichimbuliwa Ishango, upande wa Kongo, pale Semliki inapoanzia. Maana yake aliwahi kuishi Edward, akatoweka, na hakuweza kurudi.

Kilichovunja mipaka hii ni mkono wa mtu. Katika miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi walichukua mputa wa Albert wakawatia Kyoga, na muongo huo huo akaonekana Victoria. Wengine walitiwa waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanasayansi walipinga, watawala walitaka samaki mkubwa wa kibiashara. Sato wa Nile, ambaye naye ni mwenyeji wa Albert, aliletwa kipindi hicho hicho, na ndiye anayejaza sahani nyingi Kampala leo kwa jina la ngege. Kufikia miaka ya 1980 mputa alikuwa amefagia ziwa, na inakadiriwa aina kama 200 za furu zilitoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwake, yakapata wanunuzi Uchina. Mimi naona hesabu ya faida ilifanywa mapema mno, kabla furu wenyewe hawajahesabiwa.

Walionusurika wamenusurika kwa sababu ile ile ya oksijeni. Mputa aliingizwa hata Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, lakini ukingoni kwenye mafunjo furu bado wapo, kwa kuwa yeye hawezi kuwafuata humo akapumua. Na ngege halisi, aliyekaribia kwisha Victoria, bado anapatikana kwenye viziwa vya pembezoni mwa Kyoga kama Nawampasa, ambako vinamasi vilimfungia mputa njia.