Simu ya Kate katika "Go Fish"

Ninahariri filamu. Mwandishi kijana akiniuliza amwonyesheje mhusika anayetoka kwenye penzi lililokufa, bila machozi ya dirishani na bila kumrudisha mtazamaji nyuma kila dakika tano, humwambia atafute "Go Fish" ya Rose Troche, ya mwaka 1994.

Ilipigwa Chicago kwa mkanda wa milimita 16, nyeusi na nyeupe, kwa pesa za kuungaunga. Max, anayechezwa na Guinevere Turner aliyeandika hadithi pamoja na Troche, ni msichana anayetafuta mpenzi. Marafiki wanamsogeza kwa Ely, mwanamke mpole, mwenye haya. Shida ni kwamba Ely bado "ana mtu": Kate, aliye Seattle. Penzi la mbali, zaidi ya miaka miwili sasa, na kila mtu anajua limekwisha isipokuwa mwenyewe.

Kate hatumwoni. Max na Ely wanatoka sinema, wanarudi kwa Ely, maongezi yanakolea, wanabusiana. Simu inalia. Ni Kate, na joto lote la chumba linapotea. Waongozaji wengi hapo wangekatia picha ya Seattle tumwone mpigaji. Troche anabaki na hawa wawili, nasi tunaona jinsi mtu asiyekuwepo anavyoweza kuijaza nyumba.

Tangu hapo kuachana kunaonekana mwilini. Ely anakata nywele zake ndefu, zinabaki fupi kabisa, hata Max akikutana naye dukani kwa vitabu karibu asimtambue. Baadaye wanajiandaa kutoka tena. Max anamwona Ely ana kucha ndefu, anachukua kikata kucha na kuanza kuzikata, moja moja, na hawatoki tena usiku huo. Hakuna hotuba ya "nimekusahau Kate". Kwangu tukio hilo lina mahaba kuliko vitanda vingi nilivyovihariri.

Katikati ya hayo, marafiki wamelala vichwa vimekutana, kamera ikiwatazama kutoka juu, wanapiga umbea kuhusu hao wawili. Shoti rahisi kabisa kifedha, lakini inaziba mapengo ya hadithi ambayo vinginevyo yangehitaji matukio mazima.

Troche na Turner wenyewe walikuwa wapenzi, wakaachana filamu ikiwa bado inatengenezwa. Waliimaliza pamoja hata hivyo, ikafika tamasha la filamu la Sundance, na kampuni ya Samuel Goldwyn ikainunua hapohapo tamashani.